Umri wa Mwekezaji na Umri wa Hati: Mwongozo wa Ardhi na Nyumba za Kupangisha Kitale na Bungoma

Katika uwekezaji wa mali isiyohamishika, yaani ardhi na kila kilichojengwa juu yake, umri wa mtu haupimwi kwa miaka aliyokwisha kuishi tu, bali zaidi kwa miaka aliyobakiwa nayo ya kuchuma, kulipa deni, kungoja bei ipande na kufuatilia karatasi mpaka jina lake liandikwe katika rejista ya ardhi. Sheria za Kenya zina mipaka yake: mtu hupata uwezo wa kufunga mkataba atimizapo miaka 18, Katiba ya mwaka 2010 humhesabu kuwa kijana mpaka atimize 35, na humhesabu kuwa mzee kuanzia 60, ambao pia ndio umri wa kustaafu wa watumishi wengi wa umma tangu mwaka 2009. Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia nao wana hesabu yao ya tangu zamani, ya marika manane yanayozunguka, yaani Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na tohara ya Agosti ya kila mwaka unaogawanyika kwa mbili ndiyo inayomwingiza mvulana katika rika lake na kumfungulia njia ya kuonyeshwa na baba yake mahali pa kujenga. Hesabu zote mbili zina kazi katika mwongozo huu, kwa sababu ardhi ya eneo hili hununuliwa kwa ile ya kwanza na hugombaniwa kwa hii ya pili.

Mwekezaji wa Kitale au Bungoma hana budi kuelewa mapema kwamba kinachokwenda polepole kuliko vyote si ujenzi wala bei, ni hati. Vyumba vinane vya mawe huweza kusimama katika muda wa miezi michache fundi akilipwa kwa wakati, lakini shamba lililo katika jina la marehemu huweza kumchukua mnunuzi miaka mingi kabla halijawa lake kisheria. Kwa hiyo swali la kwanza la kila umri ni kama muda unaodaiwa na hati hiyo unaingia ndani ya muda alionao mnunuzi, na swali la pesa hufuata baadaye.

Kwa nini hati huchelewa

Kitale ulikua kama mji wa mashamba ya walowezi, na njia ya reli iliufikia mwaka 1926. Baada ya uhuru wa mwaka 1963, sehemu ya mashamba hayo iligawiwa wananchi kupitia skimu za makazi, ambapo mgawiwa alichukua ardhi kwa mkopo wa mfuko wa serikali na hati ikabaki imefungwa na deni hilo mpaka lilipwe lote na lifutwe rasmi. Sehemu nyingine ilinunuliwa na kampuni na vyama vya ushirika, ambavyo wanachama wake walichanga hisa, wakaonyeshwa vipande vyao kwa macho, huku hati moja ya shamba zima, ambayo watu huiita hati mama, ikibaki katika jina la kampuni. Mwanachama aliyechanga hisa mwaka 1970 akiwa na miaka 35 angekuwa leo amepita 85, kwa hiyo mara nyingi anayejitokeza kuuza ni mtoto au mjukuu wake, ambaye anaishi shambani na kulilima lakini hana jina katika rejista.

Bungoma kuna sura nyingine ya jambo lilelile. Ardhi ya ukoo ilipimwa na kusajiliwa katika jina la mtu mmoja, aghalabu babu, kisha wana wakagawana kwa kupanda mkonge mpakani bila kumwita mpima ardhi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia, na idadi hiyo inapogawanywa kwa mashamba yaleyale kila kizazi, vipande huwa vidogo na wadai huwa wengi.

Ndiyo maana umri wa muuzaji una uzito sawa na umri wa mnunuzi, jambo ambalo miongozo mingi ya uwekezaji huliruka. Mnunuzi anayefanya upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, yaani kuomba kwa maandishi taarifa za rejista ya kipande fulani, huonyeshwa sehemu tatu: ya kwanza hueleza ukubwa wa ardhi na ramani yake, ya pili humtaja mmiliki na tarehe aliyosajiliwa, na ya tatu huorodhesha vizuizi kama vile rehani ya benki, zuio la mahakama au onyo la mtu anayedai haki. Wengi huisoma ya tatu kwa hofu na kuipita ya pili haraka. Tarehe ya sehemu ya pili inapaswa kulinganishwa na kitambulisho cha anayeuza: ikiwa kipande kilicho chini ya East Bukusu/South Kanduyi kilisajiliwa mwaka 1972 na anayekiuza alizaliwa mwaka 1985, basi hata majina yakifanana herufi kwa herufi, mmiliki ni mtu mwingine, na pengine ni marehemu.

Ardhi ya marehemu haiuzwi na mtu yeyote kabla ya mahakama kumteua msimamizi wa mirathi na kuuthibitisha uteuzi huo, na uthibitisho kwa kawaida huombwa baada ya miezi sita. Sheria ya Mirathi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, hukuhesabu kuingilia mali ya marehemu bila idhini kuwa kosa la jinai ambalo adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Faini hiyo haimtishi dalali yeyote siku hizi, lakini hasara ya mnunuzi ni kubwa kuliko faini, kwa kuwa mauzo yenyewe hayasimami.

Muuzaji anapokuwa hai na mzee sana, tahadhari hugeuka. Shamba la kilimo huhitaji kibali cha bodi ya ardhi, chombo kilichowekwa na sheria ya mwaka 1967 kuidhinisha uuzaji, ugawaji na ukodishaji wa ardhi ya kilimo, na ombi la kibali lazima lifikishwe ndani ya miezi sita tangu mkataba kutiwa saini, la sivyo mkataba huwa batili. Bodi nyingi hutaka kumwona mke au mume wa muuzaji pamoja na watoto wazima, na mnunuzi mwenye busara hutaka hivyohivyo hata pale asipoulizwa, kwa sababu Mahakama ya Juu mwaka 2018, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, ilikubali kwamba jamaa wanaweza kuwa na haki ya amana ya kimila juu ya ardhi ya ukoo ingawa haki hiyo haikuandikwa popote katika rejista. Amana ya kimila maana yake ni kwamba aliyeandikwa jina aliishika ardhi kwa niaba ya wengine. Mzee anayeuza kimya kimya Jumanne asubuhi, wanawe wakiwa kazini Nairobi, humwachia mnunuzi kesi ambayo huenda ikadumu kuliko yeye mwenyewe.

Mwenye miaka ishirini na kitu

Kijana ana mtaji mdogo na muda mrefu, na kwa hiyo kwake ardhi tupu ina maana kuliko jengo. Ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi 50 kwa 100, ambayo kwa mazoea huitwa nane ya ekari ingawa inapungukiwa kidogo na kipimo hicho, ikinunuliwa pembezoni, tuseme kuelekea Kiminini kwa upande wa Kitale au ng'ambo ya Kanduyi kwa upande wa Bungoma, inaweza kukaa miaka kumi bila kuleta shilingi na bado isimdhuru mwenye miaka 25, ilhali ingemdhuru sana mwenye 62. Hata hivyo, subira ya bei haipaswi kuwa subira ya hati. Kijana mara nyingi huambiwa kwamba, kwa kuwa ana muda, anaweza kununua kwa mkataba wa maandishi tu na kungoja hati mama igawanywe. Ushauri huo ni mbovu, kwa maana hapo muda humfanyia kazi muuzaji. Akae na pesa zake sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo, mpaka ipatikane ploti yenye nambari yake na ramani yake.

Hatari nyingine ya ujana ni kununua na kusahau. Anayelipia ploti Kitale kisha akaenda kufanya kazi Mombasa au Doha bila kuiwekea ua wala kumwachia mtu wa kuitazama, anaikabidhi sheria ya ukomo, ambayo humruhusu mtu aliyeikalia ardhi ya mwingine waziwazi, mfululizo na bila ruhusa kwa miaka 12 kuomba mahakama imtangaze mwenyewe. Aliyenunua akiwa na 24 na kurudi akiwa na 37 amekwisha kuuvuka mpaka huo. Kumkodishia jirani apande mahindi kwa mkataba wa karatasi moja unaotiwa saini upya kila msimu hutosha kuzuia hayo, kwa sababu aliyeingia kwa ruhusa hawezi kudai kwamba aliingia bila ruhusa.

Suala la nyumba ya kijana katika boma la baba linahitaji kusemwa waziwazi. Desturi ya kumwonyesha mwana aliyetahiriwa mahali pa kusimamisha simba, yaani nyumba ya kijana asiyeoa, ina heshima yake na hakuna sababu ya kuidharau. Tatizo huanza pale simba ya mabati inapogeuka baadaye kuwa nyumba ya mawe ya vyumba vinne, iliyojengwa kwa mkopo wa miaka mitano, juu ya ardhi ambayo hati yake ina jina la baba. Nyumba hiyo haiwezi kuwekwa rehani na mwana, haiwezi kuuzwa naye, na baba akifa huingia katika mirathi pamoja na ardhi, ambapo ndugu wote, wa kike na wa kiume, wana madai. Ni makao, si uwekezaji. Mwana anayetaka kujenga cha kudumu anapaswa kwanza kumshawishi baba aite mpima ardhi, apitishe ugawaji katika bodi, na kumhamishia kipande chake angali hai.

Katikati ya safari: kukopa kwa kuhesabu miaka

Mtu wa miaka kati ya 35 na 55 ndiye anayeaminiwa na wakopeshaji, na ndiye anayepaswa kutumia deni, mradi alipime kwa miaka iliyobaki kabla ya mshahara kukoma. Mfano wa hesabu huonyesha jambo hili vizuri kuliko maneno. Tuseme vyumba vinane vya kupangisha, pamoja na ploti, vimegharimu shilingi 2,400,000, na kila chumba hukodishwa kwa 4,000 kwa mwezi. Kodi ya mwaka mzima ingekuwa 384,000, lakini vyumba havikai na watu daima, kwa hiyo ni salama kuhesabu miezi 11, yaani 352,000. Kwa kuwa kiasi hicho kinapita 288,000 kwa mwaka, mwenye nyumba hudaiwa kodi ya serikali ya mapato ya upangishaji, ambayo tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya jumla bila kutoa gharama. Hapo ni 26,400. Akitenga asilimia kumi kwa ajili ya paa, rangi, vyoo na mabomba, yaani 35,200, hubakiwa na 290,400 kwa mwaka, au 24,200 kwa mwezi. Mtaji hurudi baada ya miaka minane na ushei.

Sasa tuseme 1,600,000 ya fedha hizo zilikopwa kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio linalopungua. Mwalimu wa miaka 48 akipewa miezi 120 atalipa takriban 22,955 kwa mwezi, na wapangaji watamlipia deni lote akibaki na chenji. Mwenzake wa miaka 55, aliye mbele ya kustaafu kwa miezi 60 tu, atalipa takriban 35,591, kwa hiyo kila mwezi atatoa mshahara wake zaidi ya 11,000 kujaza pengo, na mwezi ambao vyumba vitatu viko vitupu utamkuta mahali pabaya. Nyumba ni ileile, na mtaa ni uleule. Ni umri tu uliobadilisha mradi unaojilipa kuwa mradi unaolipiwa. Wa pili anaweza kujenga vyumba vinne kwanza akakopa nusu, na kuongeza vingine kadiri deni linavyopungua. Kujenga kwa awamu hudharauliwa na wanaopenda kuzindua, lakini ndiko kunakomfaa aliyechelewa.

Mahali pa kujenga nako hutegemea miaka. Webuye ulikuwa mji wa kiwanda cha karatasi, na kiwanda hicho kilipofungwa mwaka 2009, mji ulipoteza mishahara iliyokuwa ikilipa kodi za nyumba, na ilipita miaka kadhaa kabla ya kiwanda kupata mmiliki mpya. Mwenye nyumba wa miaka 35 angeweza kungoja. Aliyekuwa amestaafu akitegemea kodi hizo kununua dawa hakuwa na nafasi hiyo. Kibabii, karibu na mji wa Bungoma, kumeonyesha upande wa pili: chuo kilichopewa hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2015 kimevutia hosteli na vyumba vya wanafunzi, lakini hata huko likizo ndefu huacha milango imefungwa, na Machi 2020, vyuo vyote vilipofungwa kwa sababu ya korona, mapato ya wapangaji wanafunzi yalikatika kwa ghafla. Kanuni inayofaa ni kwamba kadiri mwekezaji anavyozidi umri, ndivyo wapangaji wake wanavyopaswa kutoka katika kazi mbalimbali, tuseme muuguzi, muuza nafaka, karani wa kaunti na dereva wa matatu katika ploti moja, ili tukio moja lisiwahamishe wote pamoja.

Karibu na kustaafu na baada yake

Kanuni za mafao ya kustaafu zilizotolewa mwaka 2020 humruhusu mwanachama wa mpango wa pensheni kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, bila kuzidi shilingi milioni 7, kununua nyumba ya makazi kabla hajastaafu. Ni fursa kwa aliye na miaka 45 anayepanga nyumba mjini; kwa aliye na 58 mwenye nyumba tayari, ni kupunguza pensheni ili kuongeza kuta.

Kosa linaloonekana zaidi miongoni mwa wastaafu ni kuyapokea mafao ya mkupuo na kuyamwaga yote katika jengo moja, ambalo mara nyingi hukwama kwenye lenta, yaani mkanda wa zege juu ya madirisha, kwa kuwa fedha zimekwisha na hakuna benki itakayomkopesha mtu asiye na mshahara. Jengo lililokwama halileti kodi, haliuziki kwa bei ya haki, na linadai mlinzi. Mstaafu akitaka kununua, ni bora anunue kidogo kilichokamilika na chenye wapangaji, na aache angalau matumizi ya mwaka mmoja katika akaunti anayoweza kuifikia. Mwenye shamba Trans Nzoia ana njia nyingine ambayo haihitaji hata mfuko mmoja wa saruji: kukodisha ekari zake kwa wakulima wa mahindi msimu kwa msimu na kulipwa kabla ya kulima.

Akilazimika kuuza, gharama zihesabiwe mapema. Faida ya mauzo hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, ingawa makazi aliyoyakalia mwenyewe miaka mitatu kabla ya kuuza, na shamba la kilimo lisilofika ekari 50 lililo nje ya mji, husamehewa. Mnunuzi naye hulipa ushuru wa stempu wa asilimia 4 ndani ya manispaa na 2 mashambani, na hujaribu kuupunguza kwa kuandika bei ya uongo, jambo ambalo muuzaji mzee hapaswi kulikubali kwa kuwa bei iliyoandikwa ndiyo atakayoweza kuidai mahakamani.

Katika umri huu uamuzi mkubwa si tena kununua nini, bali nani atakayekuja kusajiliwa. Mume na mke wanaweza kusajiliwa kwa umiliki wa pamoja usiogawanyika, ambao mmoja akifa, sehemu yake humwendea aliyebaki bila kungoja mirathi. Tangu mwaka 2012 sheria imewaachia wanandoa peke yao njia hiyo, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama, na wengine wanaonunua pamoja, wakiwemo ndugu, humiliki kila mmoja hisa yake, ambayo akifa huwaendea warithi wake. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili. Wosia wa mdomo, ambao wazee wengi huutegemea, husimama tu iwapo aliyeusema alifariki ndani ya miezi mitatu tangu kuusema mbele ya mashahidi wawili; maneno yaliyotamkwa kwenye karamu ya Krismasi ya miaka mitano iliyopita ni kumbukumbu nzuri, lakini hayagawi shamba.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mali isiyohamishika ni bahasha yenye hati au nakala yake, kibali cha bodi, mkataba, risiti za ushuru wa stempu na za kaunti, ramani, na nambari ya simu ya wakili na ya mpima ardhi. Bahasha hiyo iwe na nakala kwa mtu mmoja aliye mdogo kwa angalau miaka ishirini kuliko mwenye mali, na mtu huyo apelekwe kwenye ardhi yenyewe mchana kweupe, atembezwe kutoka bikoni moja, yaani alama ya mpaka, hadi nyingine, aonyeshwe hata ile ambayo mizizi ya mkaratusi imekwisha kuifunika, na jirani wa kila upande amwone akionyeshwa.